Masale

Masale (*Dracaena fragrans*), kwa umoja isale, ni mmea wa misitu ya milimani katika Afrika ya kitropiki. Wachaga wa Kilimanjaro huupanda mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, na aliyekosea hupeleka jani lake kuomba msamaha. Ni mmea uleule unaopamba sebule na ofisi duniani kote, na inasikitisha kwamba wengi wanaounua hawajui heshima yake Kilimanjaro.

Majani yake ni marefu, yamepinda kama ya mhindi, na hayana mwiba nchani kama mkonge. Aina ya vyunguni mara nyingi ina mstari wa manjano katikati ya jani. Maua meupe hufunguka usiku, yakinukia sana.

Kuuzalisha ni rahisi. Kata kipande cha shina cha sentimita 15 hivi, weka alama upande wa juu, maana kikipinduliwa hakishiki. Kiache kidonda kikauke siku moja, kisha kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Baada ya wiki kadhaa, machipukizi huvimba kwenye makovu ya majani ya zamani. Kisiki nacho kisitupwe, huchipua tena.

Ncha zikikauka na kuwa kahawia, chunguza maji. Maeneo mengi ya Bonde la Ufa, mkoani Manyara pia, yana maji yenye floraidi, ileile inayotia meno rangi, na masale huathiriwa nayo haraka. Anayeupanda huko heri akinge maji ya mvua. Mbwa na paka wasiyatafune majani, huwadhuru.