Kipenyo

Kitenzi ni kupenya. Kipenyo ni upenyu mdogo wa kupitia, na katika hesabu ni mstari unaopenya duara kutoka ukingo hadi ukingo kupitia kitovu. Napenda neno hili kwa sababu limebeba maana yake wazi, na linastahili kusikika shambani kama darasani.

Tuchukue Masimba, katika eneobunge la Nyaribari Masaba nchini Kenya, ambako mikaratusi imejaa. Mnunuzi wa nguzo au mbao huuliza unene. Mti uliosimama haupenyeki kwa rula. Basi zungusha kamba shinani kwa kimo cha mita 1.3, anapopimia afisa wa misitu, upime urefu wa kamba iliyozunguka, yaani mzingo, ugawe kwa 3.14 upate kipenyo. Mzingo wa sentimita 94.2 una kipenyo cha sentimita 30. Mkulima anayejua hivyo hakadiriwi mti wake kwa macho ya mnunuzi.

Gogo likishakatwa, kitovu chake hakionekani kwa urahisi. Shikilia ncha ya tepu ukingoni, telezesha upande wa pili huku na huku: urefu mkubwa kuliko wote ndio kipenyo. Nusu yake huitwa nusukipenyo.