Namna ya kupima kasi ya seva inayobeba takwimu za afya

ZAHANATI za Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, huandika takwimu zao katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Takwimu hizo huingizwa katika DHIS2, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na kuenezwa katika wilaya zote za Tanzania Bara kufikia mwaka 2013.

DHIS2 hutunza takwimu katika kanzidata ya PostgreSQL. Kwa kuwa taarifa za mwezi huingizwa na wilaya nyingi katika siku zilezile, seva ikizidiwa, takwimu za malaria za Kilwa huwafikia wapangaji kwa kuchelewa.

PostgreSQL hujihesabia kazi zake. Sehemu ya pg_stat_database huonyesha miamala iliyokamilika, na pg_stat_statements huonyesha idadi ya maswali na muda uliotumika kuyajibu. Hata hivyo, hesabu hizo ni za kulimbikiza. Hufanana na mita ya maji: namba iliyopo leo haielezi maji yaliyotumika jana.

Hivyo, hatua ya kwanza ni kuwa na jedwali la kumbukumbu linalonakili hesabu hizo kila baada ya dakika 5, pamoja na saa yake.

Hatua ya pili ni kujenga mwonekano, yaani swali lililohifadhiwa ndani ya kanzidata na kusomwa kama jedwali. Mwonekano huo hutoa hesabu iliyotangulia katika ile inayofuata. Kwa mfano, miamala ikiwa 1,200,000 saa 3:00 asubuhi na 1,230,000 saa 3:05, tofauti ni 30,000 kwa sekunde 300, sawa na miamala 100 kwa sekunde. Vivyo hivyo, ongezeko la muda likigawanywa kwa ongezeko la maswali, hupatikana wastani wa kusubiri.

Aidha, hesabu mpya ikiwa ndogo kuliko ya awali, maana yake mita imeanza upya. Nafasi hiyo iachwe wazi, isijazwe namba hasi.

Mwisho, matokeo yapangwe kwa saa, si kwa siku. DHIS2 kwa kawaida hupangiwa kuandaa majedwali yake ya uchambuzi usiku. Wastani wa siku nzima huchanganya kazi hiyo na ya asubuhi, na kuficha saa ambayo karani wa Kilwa Masoko alisubiri ukurasa usiofunguka.