Ngoma ya Mganda na Mtoto Azibaye Masikio

Ngoma iitwayo mganda, ambayo Wamatengo wa milima ya Mbinga na Wanyasa wa ufukoni huihesabu kuwa yao tangu kale, kwa hakika haina umri mkubwa. Ni ya ukoo wa beni, ngoma iliyochipuka pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, kisha ikaenezwa bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Watu waliorudi vitani walikuwa wameliona gwaride na kulichoka; wakaligeuza kuwa mchezo. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, nchini Malawi, ndugu yake mganda huitwa malipenga, kwa ajili ya vibuyu vinavyopulizwa vikatoa sauti ya tarumbeta. Wanawake wa ufukoni nao wakawa na kioda chao.

Tumeianza habari kwa historia hii kwa kuwa ndani yake mna jambo limhusulo mtoto ambaye waandishi wa ngoma, nasi tukiwamo, hatujapata kumtaja: yule ambaye ngoma ikilia huziba masikio, hujificha uvunguni, au hulia hata mama yake akalazimika kumbeba na kurudi naye nyumbani kabla ya chakula. Kila kijiji kinaye. Wazee wakimwona husema amedekezwa. Majirani wengine, tena ndio wabaya zaidi, husema ana jambo. Mama yake akishasikia maneno hayo mara mbili, mara ya tatu haji. Basi nyumba nzima imetengwa na furaha ya wenzake, wala hakuna aliyetoa amri ya kuitenga.

Elimu ya siku hizi yatuambia kwamba wapo watoto ambao masikio, macho na ngozi zao hupokea mambo kwa ukali upitao wa wenzao. Baadhi yao wana usonji, lakini si wote. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii, akaeleza jinsi walivyoshtushwa na kelele. Lakini aliona na jambo la pili, ambalo kwetu sisi watu wa ngoma lina thamani kubwa: mtoto yule yule aliyeogopa kelele aliweza kufanya kelele kubwa kama hiyo kwa mikono yake mwenyewe, akafurahi. Kumbe lililomtisha si ukubwa wa sauti peke yake, bali ni kule kuvamiwa nayo. Ilichukua miaka 70, hadi 2013, ndipo mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulipoiingiza hali hii ya hisia kali au hisia hafifu katika dalili za usonji. Na tusimsahau mtoto mwenye ualbino, ambaye jua la adhuhuri uwanjani humwumiza macho, naye huambiwa kwamba amenuna.

Sasa tuutazame mganda kwa macho ya mtoto huyu. Ngoma kubwa ina kishindo, hatuwezi kukana. Lakini kishindo hicho kina utaratibu. Wachezaji hupanga mistari, yuko kiongozi, hatua hurudiwa na kurudiwa, na aliyetazama kwa muda mfupi aweza kujua itakayofuata. Huo ndio urithi wa gwaride: askari hawezi kugeuka pasipo ishara. Tena vikundi vya ukoo huu wa beni vilijipa vyeo, mfalme na kapteni, hata daktari na nesi. Wageni wa kizungu walivicheka vyeo hivyo wakidhani ni kuiga tu. Sisi twaona vilikuwa njia ya kumpatia kila mtu mahali pake.

Nchi yenyewe nayo ilisaidia. Umatengo ni nchi ya migongo na vijito. Kila mgongo wa mlima pamoja na watu wake huitwa ntambo, na katika miteremko yake ndimo yalimo mashamba ya ngolo, yale mashimo yenye matuta ambayo yameizuia mvua isiuchukue udongo. Ngoma ikilia ntambo huu husikika ntambo wa pili, ikiwa imepungua ukali. Mtoto asiyeweza kuukaribia uwanja aliweza kuisikiliza ngoma kutoka kwa bibi yake ng'ambo ya kijito, akasogea siku nyingine. Umbali ulikuwa ni mlango ambao yeye mwenyewe aliweza kuufungua na kuufunga.

Zaidi ya hapo Wamatengo walikuwa na sengu, yaani desturi ya watu wa ukoo kula pamoja kwa mzee wao, chakula kikitoka katika kila nyumba, na baada ya kula mashauri yakisemwa na vijana wakifundishwa. Hicho kilikuwa kikao cha sauti ya chini, chenye watu wale wale na mahali pale pale. Hatusemi kwamba zamani kulikuwa peponi. Dhana za uchawi na mikosi ziliwaumiza watoto wengi, na mengi ya mateso hayo hayakuandikwa. Twasema tu kwamba sherehe ya zamani ilikuwa na kingo, na mtoto aliweza kukaa ukingoni bila kuhesabiwa kuwa ametoka.

Kingo hizo zimevunjwa na kipaza sauti. Kwanza zilikuja jenereta. Kisha, laini kubwa ya umeme kutoka Makambako hadi Songea ilipokamilika mwaka 2018, umeme ukawa rahisi zaidi kupatikana. Leo baada ya mauzo ya kahawa, iwe ni arusi, kipaimara au komunyo ya kwanza, spika hupangwa zikatazama viti vya wageni, mshereheshaji hupiga kelele ghafla, na taa za rangi humetameta usiku. Hapo hakuna ishara wala ukingo. Na ajabu ni kwamba watu wazima wengi nao hawaipendi hali hiyo. Huvumilia kwa kuogopa kuonekana washamba.

Mwaka 1962 serikali ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, shabaha ilikuwa kuwarudishia Watanganyika fahari ya ngoma zao. Tangu mwaka 2009 nchi yetu imeuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 30 chasema juu ya kushiriki katika maisha ya utamaduni na kuwataja watoto. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Lakini mama wa Lituhi au Mbamba Bay hatangoja afisa atoke Songea ili apate kwenda arusini.

Kamati ya sherehe yaweza kuyatenda haya kwa uchache wa gharama. Spika zielekezwe uwanjani, si vitini, na turubai moja liwekwe mbali, upande wenye kivuli. Mzazi aambiwe mapema saa ya chakula na saa ya ngoma, amsimulie mtoto wake kabla ya siku yenyewe. Na ngoma ianze kwa ndogo kabla ya kubwa. Asiyetaka kushikwa mkono asalimiwe kwa maneno, wala asilazimishwe kumwamkia kila shangazi. Akila ugali mtupu, aachwe ale. Kabla wageni hawajafika, apewe nafasi ya kuipiga ile ngoma kubwa kwa mkono wake, aijue sauti yake ikiwa chini ya amri yake.

Na vikundi vya mganda visiogope kukifufua cheo cha nesi. Apewe mtu mmoja mwenye utulivu, mwanamume au mwanamke, kazi yake iwe kukaa ukingoni pamoja na watoto hawa, kumjua kila mmoja kwa jina, na kumpungia kiongozi mkono pale ngoma inapotakiwa kupumzika kidogo.