Mchoro Uliotoka Kabatini

Paul de Casteljau alipoajiriwa na Citroën mwaka 1958, kuchora bodi ya gari ilikuwa bado kazi ya mikono. Mchoraji alipinda upapi mwembamba, akaubana kwa vizito ili usiteleze, kisha akafuata mpindo wake kwa penseli. Kutokana na mchoro huo fundi alichonga kielelezo, na kielelezo ndicho kilichokuwa na neno la mwisho: kikipishana na karatasi, karatasi ndiyo iliyohesabiwa kuwa na makosa.

De Casteljau, mwanahesabu ambaye hakuwa ametimiza miaka 30, alitafuta njia ya kuueleza mpindo kwa namba peke yake. Chagua nukta chache na uziunganishe kwa mistari. Gawa kila mstari kwa uwiano uleule, unganisha nukta mpya zilizopatikana, gawa tena, na uendelee hivyo hadi ibaki nukta moja tu. Nukta hiyo iko juu ya mpindo. Badili uwiano kidogo, utapata jirani yake. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya kazi hiyo kwa rula, na mashine inaweza kuirudia usiku kucha bila kuchoka.

Citroën ilitambua thamani ya kitu hicho, ikakificha. Mwaka 1959 maandishi ya de Casteljau yaliwekwa katika bahasha iliyofungwa kwenye ofisi ya Paris inayolinda mali za ubunifu wa viwanda. Mwenyewe hakuruhusiwa kuyachapisha.

Upande wa pili, kwa mshindani, palikuwa na Pierre Bézier. Alikuwa ameitumikia Renault tangu 1933 na alikaribia umri ambao wengi huanza kuwaza kustaafu. Alifika kwenye mipindo ileile kwa njia yake mwenyewe, akaunda mfumo ulioitwa UNISURF, na mwajiri wake akamruhusu kuandika na kuhutubia juu yake. Ndiyo maana dunia nzima inaita mipindo hiyo mipindo ya Bézier. Katikati ya miaka ya 1970 mtaalamu wa Ujerumani, Wolfgang Boehm, alipata nakala za ripoti za Citroën, na hapo jina la aliyetangulia likaanza kutajwa. Inauma kufikiria kwamba mtu alikaa takriban miaka 15 akiwatazama wengine wakisifiwa kwa jambo alilokwisha kulitatua. Leo mpindo una jina la mmoja, na ile njia ya kugawa mistari ina jina la mwingine. Mwaka 1984 kampuni ya Adobe iliingiza mipindo hiyo katika PostScript, lugha ya kuchapishia kurasa, na tangu hapo herufi za magazeti, vitabu na skrini huchorwa kwa mipindo ya ukoo huo.

Marekani nako kompyuta ilikuwa imeshaanza kuchora. Mwaka 1963, Ivan Sutherland aliwasilisha tasnifu yake katika chuo cha MIT kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Mtumiaji aligusa skrini ya kompyuta ya TX-2 kwa kalamu ya mwanga, akachora mistari miwili, kisha akaiamuru mashine kwamba mistari hiyo iwe sambamba. Mashine ikaipanga. Wazo hilo la kuipa kompyuta sharti na kuiacha ilitimize bado ndilo uti wa mgongo wa programu za wahandisi. Lakini TX-2 ilikuwa mashine ya maabara, na mifumo ya kuchora iliyofuata iligharimu fedha ambazo viwanda vya ndege na magari ndivyo vilivyoweza kuzitoa.

Mlango ulifunguliwa na watu wa kompyuta ndogo. John Walker na wenzake walianzisha Autodesk huko California mwaka 1982, na Novemba mwaka huohuo wakaonyesha AutoCAD kwenye maonyesho ya COMDEX, Las Vegas. Bei yake ilikuwa takriban dola 1,000. Ofisi ya wasanifu watatu ikaweza kumiliki kitu ambacho hapo kabla kilihitaji idhini ya bodi ya wakurugenzi.

Pamoja na programu hiyo ulikuja uamuzi uliokuwa na sura mbili. Faili ya kawaida ya AutoCAD, DWG, ilibaki siri ya kampuni. Ila kulikuwa na faili ya pili, DXF, ambayo maelezo yake yalitolewa hadharani ili programu nyingine ziweze kuisoma. Kwa sababu hiyo mchoro wa 1982 ulikuwa na njia ya kutoka nyumbani kwake.

Kisha, mwaka 1986, watumiaji wakapewa AutoLISP, lugha ya kuandikia amri zao wenyewe. Hapo ndipo mtindo wa kugawana ulipokolea. Jarida la CADalyst lilikuwa na safu iliyoitwa Hot Tip Harry, ambamo wasomaji walituma vipande vya programu walivyovibuni kazini: cha kuhesabu milango, cha kusafisha mistari iliyorudiwa, cha kupanga maandishi. Msomaji aliketi na jarida mapajani akinakili herufi moja baada ya nyingine. LISP imejaa mabano, na bano moja likisahaulika kila kitu kinakwama.

Ubishi kuhusu njia ya kuchora iliyo rahisi kurekebisha nao haukukosekana, na umezidi kunoga tangu programu huria zilipoingia. Kampuni ya Ufaransa ya Matra Datavision iliufungua msimbo wa injini yake ya maumbo mwaka 1999, na juu ya injini hiyo, Open CASCADE, ikajengwa programu ya FreeCAD, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2002. Walioipenda waliipenda kwa dhati, lakini walikuwa na donda moja sugu. Ukirudi nyuma na kubadilisha hatua ya awali ya kazi, programu ilichanganya majina ya nyuso za umbo. Tundu ulilotoboa juu likahamia ubavuni, au kazi yote ikavunjika. Dawa ya donda hilo iliingizwa katika toleo la 1.0, Novemba 2024, baada ya miaka 22.

OpenSCAD, ya mwaka 2010, ilichagua njia nyingine kabisa. Hapa hakuna kuburuta kipanya. Mtu anaandika kwamba anataka mche mraba wa milimita 20 wenye tundu la milimita 5, na programu inaujenga. Waliozoea penseli huona ni sawa na kuchonga kinyago kwa barua. Hata hivyo, kwa kitu ambacho umbo lake ni lilelile na vipimo tu ndivyo vinavyobadilika, watu wa maandishi wana hoja nzito, maana asiyejua kuchora anaweza kubadilisha namba moja na kupata kinachomfaa.

Jambo hilo lina uzito wake Johannesburg. Mwaka 2011 seremala Richard van As alipoteza vidole vya mkono wa kulia kwa msumeno. Vidole bandia alivyovitafuta vilikuwa na bei isiyoshikika. Mtandaoni aliona video ya mkono mkubwa wa maonyesho uliotengenezwa na Ivan Owen, Mmarekani wa Bellingham, jimbo la Washington, wakaanza kushirikiana wakiwa umbali wa kilomita 16,000 hivi. Katika kutafuta mifano, Owen alikuta habari za mkono wa mfupa wa nyangumi, wenye kamba na kapi, uliotengenezwa Adelaide, Australia, katika karne ya 19.

Mwanzoni kila kipande kilitengenezwa kwa mkono na kila kosa liligharimu siku nyingi. Kampuni ya MakerBot ikawapa printa mbili za 3D, moja kwa kila upande, na tangu hapo kilichosafiri ni faili: Owen akirekebisha kiungo, van As alikichapisha Johannesburg na kukijaribu. Wakati huo walikuwa wakimtengenezea mkono mtoto wa miaka mitano aliyezaliwa bila vidole kwenye mkono mmoja. Hawakuomba hataza. Mapema mwaka 2013 waliiweka michoro yote katika hifadhi ya mtandaoni ya Thingiverse, mtu yeyote aichukue.

Ilichukuliwa. Mwaka huohuo Jon Schull, wa chuo cha RIT huko New York, alianzisha ramani ambayo wenye printa walijiandikisha kujitolea, na kundi la e-NABLE likazaliwa. Mwaka 2014 likatoa mkono ulioitwa Raptor, na punde tu ubishi wa zamani ukarudi. Faili za STL, zinazotumika kuchapishia, hubeba ngozi ya umbo tu, maelfu ya pembetatu zisizokumbuka kipimo chochote. Kuzichapisha ni rahisi, kuzirekebisha ni kazi ya kung'oa meno. Mkono huo ukachorwa upya ukaitwa Raptor Reloaded, na safari hii michoro yenyewe inayorekebishika ilitolewa pamoja na STL. Watoto hukua, na mkono uliomtosha mtoto wa darasa la kwanza humbana akifika la tatu. Mzazi humpima kifundo upya, aliyejitolea hufungua faili, na printa huanza tena.