Mlinzi wa Kale wa Dawa za Homa

Zamani, kabla ya vidonge vyeupe kuenea katika maduka ya pwani yetu, mtu aliyeshikwa na homa alijua kwa ulimi wake kwamba ametibiwa. Majani ya muarobaini, mti uliotujia kutoka Bara Hindi ukapewa lakabu hiyo kwa dhana ya kuwa huponya maradhi arobaini, yalichemshwa chunguni hata maji yakageuka rangi. Na mgonjwa akiwa mtoto, alipakatwa, akabanwa pua, akanyweshwa huku bibi yake akimwahidi kipande cha sukari guru. Hapakuwa na mizani wala saa ya kupimia, ila palikuwa na mlinzi mmoja asiyelala, nao ni uchungu: hapana aliyeomba kikombe cha pili pasipo haja.

Uchungu si ithibati ya manufaa; hata hivyo ndio uliomwongoza Edward Stone, kasisi wa Chipping Norton huko Uingereza, ambaye alipoonja gome la mwerebi, mti upendao kuota kando ya maji, alistaajabia ukali wake, akakumbuka gome la mti wa kwinini lililokuwa likiletwa kwa gharama kutoka Amerika ya Kusini, akakisia kuwa magome yenye ladha moja huenda yakawa na kazi moja. Kisio hilo halikuwa sahihi lote, kwa kuwa kwinini huvipiga vijidudu vya malaria vyenyewe, hali mwerebi hutuliza joto na maumivu tu, na kushuka kwa joto si kupona. Lakini adabu ya kazi yake yafaa kuigwa: alilikausha gome zaidi ya miezi mitatu kwa joto la tanuri la mwoka mikate, akalisaga, akaanza kwa kiasi kidogo kila baada ya saa nne, akaongeza taratibu huku akitazama, na alipokwisha kuwapa watu wapatao 50 ndipo alipowaandikia wanazuoni wa Royal Society, mwaka 1763.

Mti wa kwinini nao ulifika kwetu, ukapandwa Amani katika milima ya Usambara, mahali ambapo Wajerumani waliasisi taasisi ya utafiti mwaka 1902. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka na manowari za Waingereza zikaziba njia ya bahari, dawa ya malaria ilipatikana katika magome ya huko huko; na baadaye, jeshi la Wajerumani lilipokuwa likihamahama porini, magome yalichemshwa na maji yake yakanywewa, machungu kupita kiasi, hata yakaitwa kwa mzaha pombe ya Lettow, jina la jemadari wao.

Lakini wakati huo mlinzi alikwisha kuuzuliwa. Mwaka 1897 Felix Hoffmann, mkemia wa kampuni ya Bayer, alitengeneza kwa namna safi dawa ambayo mwaka 1899 ilipewa jina la Aspirin; ikauzwa kwanza kama unga, kisha kama kidonge, na kidonge humezwa kabla ulimi haujapata kuuliza. Parasetamoli, iliyoundwa mara ya kwanza mwaka 1878 ikasahauliwa, ilifufuliwa na uchunguzi wa wanasayansi Brodie na Axelrod huko Marekani katika miaka ya 1940, na mwaka 1956 ikaanza kuuzwa Uingereza kwa jina la Panadol, ikasifiwa kwa kutoliudhi tumbo kama aspirini.

Elimu ya madhara ilikuja nyuma, tena kwa huzuni. Mwaka 1963 tabibu Douglas Reye wa Australia alieleza maradhi ya watoto yashambuliayo ubongo na ini. Baadaye ikadhihirika kwamba aghalabu yaliwapata watoto waliopewa aspirini wakiwa na mafua makali au tetekuwanga, na mwaka 1986 Uingereza ikaonya kwamba walio chini ya miaka 12 wasipewe. Parasetamoli nayo ikizidi huharibu ini kwa siri, kwani siku ya kwanza mtu aweza kujiona mzima. Kwa hiyo ikawekwa mipaka, ikaandikwa kwenye pakiti: mtu mzima mwenye afya, kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 4 hadi 6, visizidi 8 katika saa 24, na mtoto hupimiwa kwa uzito wake.

Maandishi hayo ya pakiti ndiyo mlinzi aliyeshika zamu ya uchungu. Basi mtazame mwenye duka la mtaani anapoombwa dawa ya kichwa: huchukua mkasi, hukata vidonge viwili, humpa mnunuzi, na boksi lenye maandishi hubaki rafuni. Yule mnunuzi huenda asubuhi alimeza dawa ya mafua yenye parasetamoli ile ile kwa jina jingine. Bibi aliyechemsha muarobaini hakuwa na haja ya kuuliza kikombe kina nini, maana ulimi ulimjibu. Sisi ambao ulimi wetu haujibiwi, hatuna budi kuuliza palepale dukani, kabla mkasi haujakata.