Sauti ya Wanafunzi na Leseni ya Wakubwa

Katika historia ya redio za shule maswali mawili hayana budi kutengwa: nani asemaye, na nani aliyepewa ruhusa ya kusema. Mawimbi ya hewani huhesabiwa kuwa ni amana ya umma. Atakaye kuyatumia hupewa leseni kwa jina lake, na likitamkwa neno lisilofaa yeye ndiye aulizwaye. Nchini Marekani, ambako wanafunzi wa shule za sekondari wamekuwa wakisema redioni kwa muda wa karne moja, tofauti hii imekuwa asili ya fahari na ya taabu pia.

Kituo kimoja cha zamani sana cha namna hii kilianza Portland, katika jimbo la Oregon, kwenye shule ya ufundi ya Benson Polytechnic. Jumuiya ya wanafunzi ilinunua mtambo wa kurushia sauti, na mwaka 1923 kituo kikasikika kwa herufi za KFIF. Mwaka 1930 herufi hizo zikageuzwa kuwa KBPS, ambamo B, P na S ni jina la shule. Siku zile redio ilikuwa ingali kazi ya mafundi kuliko ya watumbuizaji. Kijana aliyejifunza umeme hakuona mwanya mkubwa baina ya kuutengeneza mtambo na kunena ndani yake. Kwa hiyo redio ya wanafunzi ilikuwa mtoto wa karakana kabla haijawa mtoto wa jukwaa.

Mlango mpana zaidi ulifunguliwa na sheria. Mwaka 1945 Tume ya Mawasiliano ya serikali kuu ilipoyapanga upya mawimbi ya FM, ilitenga sehemu ya chini, kuanzia megahezi 88 hata 92, kwa ajili ya elimu pasipo biashara. Lakini nafasi bila ya fedha ni mlango bila ya ngazi. Mitambo ilikuwa ghali. Ndipo mwaka 1948 Tume ikaruhusu vituo vya elimu vya wati 10 tu. Nguvu hiyo ni haba, wala haifikii ile iliyotumiwa na taa ya kawaida ya chumbani wakati huo. Hata hivyo iliweza kuenea maili chache, nazo zilitosha kwa mji mdogo. Mwaka 1949 WNAS ikaanza katika shule ya New Albany, Indiana, ng'ambo ya Mto Ohio kutoka Louisville. Mwaka huo huo WHHS ikaanza katika shule ya Haverford, Pennsylvania. Mwaka 1971 KNHC ya shule ya Nathan Hale, Seattle, nayo ikaanza kwa wati 10.

Kazi ya vituo hivi haikuwa mchezo. Wanafunzi walisoma habari, walichagua muziki, walieleza mechi za shule yao, na kuandika daftarini vipimo vya mtambo. Hata katika miaka ya 1970 msimamizi wa mtambo alitakiwa kuwa na cheti cha Tume, na vijana walikifanyia mtihani kama watu wazima.

Lakini kilichotolewa na sheria chaweza kupunguzwa na sheria. Mwaka 1972 Shirika la Utangazaji wa Umma liliiomba Tume ifikiri upya juu ya vituo vidogo, kwa hoja kwamba vilizuia mahali ambapo vituo vikubwa vingeweza kuwafikia watu wengi. Uamuzi ulitoka mwaka 1978: vituo vya wati 10 viongeze nguvu hata kufikia wati 100 walau, au vikubali kukaa bila ya ulinzi, tayari kuondoka mkubwa akija. Hoja ya wingi wa wasikilizaji ilikuwa na haki yake. Lakini haikupima faida ya msemaji, nayo ndiyo iliyokuwa faida kubwa ya redio ya shule. Mwaka 2000 Tume ilianzisha leseni mpya za nguvu ndogo, zisizozidi wati 100. Mlango uliokuwa umefungwa ukafunguliwa tena kidogo.

Taabu ya pili ilihusu uhuru. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu, kwa majaji 7 dhidi ya 2, iliamua kwamba wanafunzi wa Des Moines, Iowa, waliovaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam, hawakupoteza haki yao ya kusema kwa kuingia shuleni. Mwaka 1988, kwa majaji 5 dhidi ya 3, Mahakama hiyo iliamua katika shauri la Hazelwood, Missouri, kwamba mwalimu mkuu aliyeondoa kurasa mbili za gazeti la wanafunzi hakuvunja Katiba, kwa kuwa gazeti lilikuwa sehemu ya masomo.

Wako wasemao kwamba, ikiwa leseni ni ya shule na hukumu ni hiyo, redio ya wanafunzi ni jina tupu. Sikubaliani nao. Gazeti husomwa kabla ya kupigwa chapa, na ukurasa waweza kutolewa. Neno lililonenwa moja kwa moja redioni halirudi. Mkubwa hana nafasi ya kulifuta. Mbele yake mna njia mbili tu: kumnyima kijana kipaza sauti, au kumfundisha kwanza na kumwamini baadaye. Wanafunzi wa Benson walinunua mtambo, lakini imani haikuuzwa dukani. WNAS na KNHC zingali zikisikika, na kila mwaka vijana wapya huketi mahali pa waliohitimu. Leseni huonyesha nani atajibu mashitaka. Haiwezi kuonyesha nani aliyestahili kusikilizwa. Hilo huonekana pale mwalimu anapotoka chumbani na kuufunga mlango, taa nyekundu ikiwa inawaka.