Wavu uliojaribiwa kwanza katika hesabu

Kila mvuvi anajua jambo hili: uzi mmoja ukikatika, wavu haupotei, nyuzi nyingine zashika samaki. Mtu mmoja wa Marekani, Paul Baran, alitaka kutengeneza simu za namna hiyo. Alizaliwa Grodno mwaka 1926, na mwaka 1959 akaingia kazini RAND, huko Santa Monica. Wakati huo Marekani na Urusi walitishana kwa mabomu ya atomiki. Simu zilipitia vituo vikubwa vichache. Kituo kimoja kikivunjwa, miji mingi ingenyamaza.

Baran akasema: pasiwe na kituo kikubwa. Kila kituo kifungane na jirani zake, kipokee habari za wenzake na kuzipeleka mbele. Naye alifikiri kuunganisha vituo kwa minara midogo ya redio, pasipo waya, kusudi gharama ipungue.

Lakini nani angejenga minara mingi kisha aipige mabomu, aone kama yadumu? Ndipo kompyuta ilipofaa. Baran alipanga vituo katika hesabu, akavifuta vingine ovyo ovyo, akahesabu vilivyosalia vingapi vyaweza bado kusemezana. Nyuzi zikiwa chache, za kutosha tu kuunganisha vituo vyote, pigo dogo lavunja wavu. Zikiwa mara 3 au 4 ya hizo, wavu wavumilia mapigo makali sana.

Kisha Sharla Boehm aliandika programu ya kuigiza safari ya habari zenyewe. Kila kituo kiliitupa habari upesi kwa jirani, kama mtu aliyeshikishwa kiazi cha moto. Mwanzoni vituo havikujua njia yo yote. Muda si muda vilijifunza kwa kuangalia habari zilizopita. Matokeo yalitolewa mwaka 1964. Wakubwa wa kampuni ya simu AT&T waliukataa mpango huo. Lakini mwaka 1969 mtandao wa ARPANET ulianza na vituo 4, ukipeleka habari vipande vipande, kama walivyofikiri Baran na, mbali naye, Donald Davies wa Uingereza.

Je, mwigo wa kompyuta husema kweli daima? Hapana. Hujibu kwa kadiri ya yale uliyoipa. Mwaka 1998 wataalamu wa Carnegie Mellon, huko Pittsburgh, waliigiza redio 50 zikitembea katika uwanja wa meta 1500 kwa 300, muda wa dakika 15. Uwanja ule wa hesabu haukuwa na kilima, wala mti, wala nyumba.

Mwaka 2003 wataalamu wa Dartmouth waliorodhesha mambo ambayo wenzao waliyakubali bila kuyapima: kwamba dunia ni tambarare, kwamba redio husikika sawa pande zote, kwamba nikikusikia, nawe wanisikia, kwamba nikikusikia kidogo, nakusikia barabara. Wakachukua kompyuta zaidi ya 30 zenye redio, wakazitembeza uwanjani. Kumbe, redio hazifuati kanuni hizo!

Mwaka huo huo wataalamu wa MIT walionyesha hasara yake. Kituo kikichagua njia yenye hatua chache, mara nyingi huchagua jirani wa mbali anayesikika kwa shida. Habari zapotea na kurudiwa. Afadhali hatua 3 nzuri kuliko 2 mbaya. Basi wakaanza kuhesabu habari yarushwa mara ngapi hata ifike.

Swali la Baran lilikuwa la hesabu: nyuzi ngapi zatosha? Kompyuta ililijibu vema. Lakini kilima, miti na mabati ya nyumba, kompyuta haivijui mpaka iambiwe. Kwa hiyo mwenye kutaka kusimamisha minara, akiwa na fedha za kutosha mara moja tu, asianze na mashini. Apande kwanza kilima na redio mbili, apime kwenda na kurudi, aandike namba zake; ndipo aketi mbele ya kompyuta na kuiuliza.